Tupeane uzoefu: kadi za mkopo Marekani, riba, faini na sheria zinazopendekezwa

Kiberenge (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa mnaoishi Marekani, au mliowahi kuishi huko mkatumia kadi za mkopo za benki zao.

Tangu mwaka 2025 kuna miswada mezani. Februari mwaka huo, Seneta Bernie Sanders wa Vermont na mwenzake Josh Hawley wa Missouri, watu ambao kisiasa ni mbingu na ardhi, walipeleka Seneti muswada wa kuweka ukomo wa riba ya kadi za mkopo uwe asilimia 10 kwa miaka 5. Machi, Alexandria Ocasio-Cortez na Anna Paulina Luna wakapeleka wa kufanana nao kwenye Baraza la Wawakilishi. Trump naye aliahidi ukomo huohuo, wa muda, kwenye kampeni ya 2024. Wastani wa riba za kadi sasa hivi umepita asilimia 20, kwa hiyo tunazungumzia kuikata nusu na zaidi. Upande wa pili, Aprili 2025 mahakama huko Texas ilifuta kanuni iliyokuwa ishushe faini ya kuchelewa hadi dola 8 kwa benki zenye akaunti za kadi milioni 1 na kuendelea. Ilizuiwa kabla ya kuanza kazi, sasa imezikwa.

Ushabiki wa vyama tuuache nje. Ninachoomba ni wewe ulichokipitia: benki ilikufanyia nini kikakuumiza, au sheria gani ilikuokoa? Msimamo wangu nautoa mapema. Kiwango cha riba kina uzito wake, lakini watu wengi ninaowafahamu walimalizwa na utaratibu: riba ilipandishwa lini, hela waliyolipa iliingizwa kwenye deni lipi kwanza, tarehe ya mwisho ilihamishwaje bila wao kujua. Nawasilisha.

MamaSalha

Kaka Kiberenge, umegusa penyewe. Mimi naandika ya 2008, kabla ya sheria ya kadi za mkopo ya 2009.

Nilikuwa Minnesota, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa. Baba akafariki Tanga. Nikakata tiketi zangu na za mwanangu kwa kadi, na hela ya msiba nikaitoa ATM kwa kadi hiyohiyo. Hapo ndipo palipokuwa na mambo. Tiketi zilikuwa na riba ya asilimia 9.9, lakini keshi ya ATM ilikuwa asilimia 24. Niliporudi nikawa natuma kila mwezi zaidi ya walichodai, nikiamini napunguza deni. Kumbe benki ilikuwa inaingiza hela yangu yote kwenye tiketi, lile deni la riba ndogo, na la keshi halikuguswa hata kidogo. Linakaa pale linazaa.

Halafu nikachelewa bili ya mkopeshaji mwingine kabisa. Si wao. Mwezi uliofuata riba yangu ikapanda hadi asilimia 28.99, na si kwa manunuzi mapya tu, bali kwa deni lote, pamoja na tiketi nilizokwishasafiria. Nilipiga simu, dada wa upande wa pili akaniambia kwa upole kabisa kwamba mkataba unaruhusu. Na kweli uliruhusu. Kila kitu walichofanya kilikuwa halali.

Sheria aliyoisaini Obama tarehe 22 Mei 2009 ndiyo iliyofunga milango hiyo, na sehemu yake kubwa ikaanza kazi Februari 2010. Sasa hawawezi kupandisha riba kwenye deni la zamani kwa sababu umechelewa kwa mtu mwingine. Mpaka uchelewe kwao wenyewe siku 60, na hata hapo, ukilipa kwa wakati miezi sita mfululizo, wanatakiwa kuirudisha ilikokuwa. Riba mpya kwa manunuzi mapya, wakupe notisi ya siku 45. Na hela unayolipa juu ya kiwango cha chini wanachodai kwa mwezi inaingia kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Hilo la mwisho, kwangu, ndilo kubwa kuliko yote. Wanaosema sheria haibadilishi kitu waje nyumbani niwaoneshe stetimenti za kabla na za baada. Ninazo zote.

DogoWaKampasi

Pole sana Mama Salha. Langu fupi. Nilipofika chuo, 2006, wiki ya kwanza tu kulikuwa na meza nje ya bwalo: jaza fomu, chukua fulana. Nilikuwa na miaka 18, sina kazi, na kadi ikaja kwa posta. Mpwa wangu ameanza chuo mwaka huu ana miaka 19. Alipoomba kadi akaulizwa kipato chake mwenyewe au mdhamini aliyefikisha miaka 21. Meza za fulana hakuna, sheria ya 2009 imezipiga marufuku kampasi. Kanung'unika. Mimi nimefurahi mno.

Fundi Rajabu

Mimi nina donge na kadi za maduka ya fanicha. Hili sijaona mtu analipigia kelele, na linatuumiza sisi tunaoanza maisha.

Tulipohamia nyumba kubwa mke wangu akapenda seti ya makochi, dola 2,400. Muuzaji akasema: chukua kadi yetu, bila riba miezi 12. Nikagawa kichwani, nikaona dola 200 kwa mwezi. Stetimenti zikawa zinakuja na kiwango cha chini kidogo sana, kama dola 40 hivi. Mimi nikaweka dola 190 zikatwe zenyewe kila mwezi, nikijua kilichobaki nitamalizia. Mwezi wa 12 ukapita, zimebaki dola 120. Stetimenti iliyofuata nikaisoma nimesimama mlangoni na bahasha mkononi. Chini ya neno riba kuna dola 400 na ushee.

Nilidhani wamekosea. Nikapiga simu. Nikaelezwa kwamba "bila riba" maana yake riba ilikuwa inahesabiwa tangu siku ya kwanza, asilimia 29.99, ila imewekwa pembeni. Ukimaliza deni ndani ya miezi 12 wanaifuta. Ukibakisha hata dola moja wanaishusha yote, na kwa hela ambayo umeshawalipa. Yaani nilitozwa riba hata kwa zile dola 2,280 zilizokwisha kuingia mfukoni mwao.

Naomba mnijibu: sheria ya Mama Salha ilikuwa wapi hapo?

Kiberenge

Fundi, pole. Sheria ilikuwepo, ila iliishia mlangoni. Kwa mikopo ya namna hiyo, riba iliyoahirishwa, ilichofanya ni kuamuru kwamba kwenye mizunguko miwili ya mwisho ya bili kabla ya ofa kuisha, hela yoyote unayolipa juu ya kiwango cha chini iingizwe kwanza kwenye deni la ofa. Inamsaidia mwenye madeni mawili kwenye kadi moja. Kwako wewe mwenye deni moja haikusaidia chochote. Kuishusha riba yote ya nyuma kwa sababu ya dola 120 ni halali mpaka leo.

Ndiyo maana sitaki tuimbe asilimia 10 peke yake. Hata ukomo wa 10 ukipita, Fundi angeshushiwa riba ya nyuma, ndogo zaidi, lakini kwa mtego uleule. Ningekuwa na kura moja Kongresi ningeipeleka hapo: riba itozwe kwa deni lililobaki, basi. Zimebaki dola 120, riba ihesabiwe kwa hizo 120 tu.

Mgeni2019

Wakuu mniwie radhi, nakuja na sauti tofauti kidogo. Nilifika kwa bahati nasibu ya grini kadi. Sina historia yoyote ya mkopo, kwa mfumo wao ni kama sijazaliwa. Nyumba nikanyimwa. Benki moja ikanipa kadi ya dhamana: niliweka dola 300 kwao, nikapewa limiti ya dola 300, riba asilimia 26. Nikawa nanunulia petroli tu na kulipa yote kila mwezi. Baadaye wakanirudishia dhamana yangu na kunipa kadi ya kawaida, na kwa alama za ulipaji madeni nilizojijengea nikapata nyumba na gari.

Riba ile ya 26 sijawahi kuilipa hata senti. Lakini ndiyo iliyoifanya benki ikubali kujaribu na mtu asiyejulikana kama mimi. Ukiwaambia mwisho ni 10, watachagua watu wenye alama nzuri, na mgeni atabaki na wale wakopeshaji wa mpaka siku ya mshahara, ambao ni wabaya mara kumi. Mama Salha na Fundi nawaelewa kabisa. Ninaogopa mlango kufungwa kwa wanaokuja nyuma yangu.

BiMkubwa_Houston

Mdogo wangu Mgeni2019, hofu yako ni ya haki na mabenki wanaisema hiyohiyo kila muswada ukija. Ngoja nikupe vitu viwili, maana nimekaa dawati la mikopo muda mrefu.

Cha kwanza. Vyama vya akiba na mikopo vyenye leseni ya serikali kuu, yaani saccos zao, vina ukomo wa riba wa asilimia 18 kwenye mikopo karibu yote, kadi zikiwemo, tangu miaka ya 1980. Vinatoa kadi. Vinatoa kadi za dhamana pia. Wageni wengi nimewapeleka huko kwa mkono wangu na wakapata. Kwa hiyo ukomo wenyewe haufungi mlango. Swali ni uwekwe wapi. Kwa 10, mimi pia nina wasiwasi kwamba wenye alama za chini watakatwa. Kwa 18 sina wasiwasi huo, nimeiona ikifanya kazi.

Cha pili, watu hawajiulizi kwa nini barua nyingi za kadi zinatoka Sioux Falls, South Dakota, au Wilmington, Delaware. Majimbo mengi yalikuwa na ukomo wao wa riba. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya benki ya Marquette ya Minneapolis dhidi ya benki moja ya Omaha, ikaamua kwamba benki ya kitaifa, yaani yenye leseni ya serikali kuu, inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa jimbo ilikosajiliwa. South Dakota ikaondoa ukomo wake 1980, na Citibank ikahamishia biashara ya kadi huko. Delaware ikafuata 1981. Tangu hapo ukomo wa jimbo unaloishi hauzigusi kadi za benki hizo. Mama Salha alikuwa Minnesota, jimbo lenyewe lililoshindwa kesi. Ndiyo maana ukomo wa kadi ukitafutwa lazima utafutwe Washington.

NyotaNjema

Asante Bi Mkubwa, hilo la Sioux Falls nilikuwa silijui. Mimi nalea watoto nyumbani. Ile sheria nzuri ya 2009, jinsi kanuni zake zilivyotungwa, ilitufungia nje sisi: uliulizwa kipato chako mwenyewe, nami sina mshahara. Nilinyimwa kadi wakati mume wangu kila siku anapata ofa. Mwaka 2013 ofisi ya kulinda walaji wa huduma za fedha ikarekebisha kanuni, ukiwa na miaka 21 unaruhusiwa kuandika kipato cha nyumba unachokifikia. Nikaomba tena, nikapata kwa jina langu. Wanaotunga sheria mpya wawakumbuke mama wa nyumbani mapema, wasingoje miaka.

Koplo_Mstaafu

Jeshini tuna ukomo siku nyingi. Deni ulilokuwa nalo kabla ya kuingia kazini linashushwa hadi asilimia 6 ukiwa kwenye utumishi, ila lazima uombe kwa maandishi na kuambatanisha amri ya kuitwa. Mimi niliomba, benki ikashusha na riba ya ziada ikafutwa, haikuwekwa pembeni kama ya Fundi. Mikopo mipya, sheria ya 2006 inasema isizidi asilimia 36 pamoja na ada, na kadi zikaingizwa humo 2017. Na kadi tuliendelea kupata, hakuna askari niliyemjua aliyekosa. Raia naye ana familia kama askari.

ZamuYaUsiku

Nimesoma yote. Sasa mimi nina deni dola 3,000, riba asilimia 22, nalipa kiwango cha chini kila mwezi na halishuki. Kiberenge, nisubiri huu muswada?

Kiberenge

Usisubiri, ndugu yangu. Miswada yote miwili iko kwenye kamati, na isipopigiwa kura kabla Kongresi hii haijamaliza muda wake mwanzoni mwa Januari 2027, inakufa na kuanza upya.

Chukua stetimenti yako, tafuta kiboksi cha onyo la kiwango cha chini. Kimewekwa na sheria ileile ya 2009. Kina mistari miwili. Wa kwanza unasema ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza lini. Kwa deni lako, kama benki inatoza asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi, na haishuki chini ya dola 35, utaona kama miaka 12. Wa pili unasema ulipe kiasi gani umalize kwa miezi 36. Kwako ni kama dola 115. Sasa hivi unalipa kama 85, na katika hizo, 55 zinaliwa na riba na 30 tu ndizo zinazogusa deni. Ukiongeza dola 30, unapunguza deni kwa 60 badala ya 30. Kadi hiyo usiinunulie kitu kipya wakati huo.

Halafu nenda kwenye saccos kama alivyosema Bi Mkubwa, uliza mkopo wa kulipia kadi. Wakikupa kwa 12 au 14, hamisha. Ofa za kuhamisha deni kwa riba sifuri zipo pia, ila uliza ada ya kuhamisha, mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5, na uliza swali la Fundi: nikibakisha kidogo muda ukiisha, riba inahesabiwa kwa kilichobaki au kuanzia siku ya kwanza? Wakujibu kwa maandishi. Wakishakujibu, lete hapa tuisome pamoja.