Tupeane uzoefu: ulijuaje mbwa wako hayuko sawa?

Wafugaji wa mbwa habari zenu. Naomba tupeane uzoefu wa dalili tulizoziona mapema, maana wengi wanasubiri mpaka mbwa agome kula ndo wanatafuta daktari na magonjwa mengine hapo ushachelewa. Naanza. Wangu ni German Shepherd, jioni baada ya kula akawa anazunguka tu uani halali, anajikakamua kutapika hakitoki kitu, mate tu, tumbo limevimba limekaza. Daktari kwenye simu akasema usimpe chochote mdomoni mlete sasa hivi. Tumbo lilikuwa limejaa gesi na limejisokota, akapasuliwa usiku uleule, mzima mpaka leo. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu linawapata sana hili na ni suala la masaa.

Mdau wa Moro: Huku kupe ni wengi mno. Wangu nikirudi lazima anipokee getini, siku hiyo hakunyanyuka, anatingisha mkia amelala. Nikamfunua mdomo, fizi nyeupe pee, na mkojo rangi ya kahawa. Akapimwa damu, homa ya kupe. Sasa kila nikimwogesha nabonyeza fizi kwa kidole, ukiachia rangi inatakiwa irudi kwenye sekunde 2 hivi.

Mdau wa Mombasa: Joto jamani. Wa jirani alifungwa mnyororo juani mchana, anahema vibaya, mate mazito, akisimama anayumba. Tukamtoa kivulini tukammwagia maji na kumpepea huku gari inatafutwa. Joto lake la kawaida ni 38 hadi 39, likipita 40 ni hatari.

Mwingine: Nyie mmetaja ugonjwa, mi naomba niseme woga. Mpwa wangu alikuwa anamkumbatia mbwa shingoni, mbwa anapiga miayo na hana usingizi, anajilamba pua, anageuza uso, weupe wa macho unaonekana. Nikamtoa mtoto taratibu. Na tafadhali msimpige mbwa kwa sababu amenguruma, hapo anakuonya, ukimkomesha kunguruma kesho anauma bila kukuambia.

Mdau wa Moro: Umenena. Niongeze, mbwa mpole akiwa mkali ghafla, sauti imebadilika, taya limelegea mate yanachuruzika, usimtie mkono mdomoni ukidhani kakwama mfupa, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie, ita watu wa mifugo. Akishakuuma osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.