Tupeane uzoefu: kulandanisha kalenda na namba za watu kati ya simu na kompyuta bila waya

Wakuu, sizungumzii kuhamisha picha. Nazungumzia miadi uliyoandika simuni ukiwa kwenye daladala, ukifika ofisini uikute kwenye kompyuta, na namba ya mteja uliyoirekebisha kwenye kompyuta iingie simuni yenyewe.

Mimi nilianza na Treo 650, simu ya zamani ya Palm. Bluetooth ilikuwepo, lakini HotSync, programu ya Palm ya kulandanisha iliyo kwenye kompyuta, ilitaka kuambiwa ipitie mlango gani wa COM, yaani njia yenye namba ambayo kompyuta inapitishia data. Ukishaunganisha simu na kompyuta, Bluetooth inatengeneza mlango wake, na namba ya mlango huo ndiyo unayoiweka kwenye HotSync. Ikiwa siyo, simu inatafuta weee mpaka inakata. Ikikubali, kalenda, majina na orodha ya kazi vinapita pande zote mbili. Mara ya kwanza inachukua muda, baadaye yanapita yaliyobadilika tu. Nyie je?

Mdau wa Morogoro: Mkuu, mimi nilikuwa na Treo 600, haina Bluetooth. Tulitumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, unaielekeza simu kwenye kile kidirisha cheusi cha laptop na hakuna kupitisha mkono katikati. Simu ile ilitunza kila kitu kwenye RAM, betri ikiisha kabisa vinafutika. Ilinizimikia nikiwa Kigoma, majina ya wateja wote wa mbegu yakapotea. Niliporudi nikailandanisha na laptop, yakarudi yote. Nilifurahi sana siku ile.

Dada wa Mombasa: Ofisini kwetu kuna kompyuta yenye Nextcloud, programu inayotunza kalenda na majina ya wote, na simu za Android zina DAVx5, programu inayoziunganisha na Nextcloud. Simu ikishika Wi-Fi, kalenda zinalingana. Lakini jamani, tunzeni nakala pembeni! Kijana mmoja alifuta majina simuni kwake apate nafasi, yakafutika kwenye kompyuta na kwenye simu zetu sote. Kilichotuokoa ni faili la vCard, yaani faili la majina na namba, lililokuwa kwenye flashi.

Mgeni jamvini: Na kama jina moja limebadilishwa kotekote, simuni na kwenye kompyuta?

Mwanzisha mada: Kwa HotSync zilibaki nakala zote mbili, unachagua mwenyewe ipi ufute. Nilipenda hivyo, kwa sababu haikuamua kwa niaba yangu namba ipi ya mteja ndiyo sahihi.