"Kuchukua dhambi" kwenye Biblia maana yake nini hasa?

Msomaji_wa_usiku: Wadau naombeni msaada. Nasoma Walawi, kila mara nakutana na "atauchukua uovu wake", yaani mtu kakosa na mzigo ni wake, hapo sawa. Sasa nafika sura ya 16 mbuzi naye anachukua uovu wa watu wote, Isaya 53 mtumishi anachukua dhambi za wengi, halafu Ezekieli 18:20 mwana hauchukui uovu wa babake. Mbona huyu anabebewa yule habebewi??

Baba_Neema: Mkuu, tunasikia "chukua" kama kuchukua chenji. Chukua ya zamani ni kujitwika, ndo maana kuna mchukuzi wa mizigo. Kiebrania ni nasa, kuinua au kubeba, na utamu uko hapa: neno hilohilo Kutoka 34:7 limetafsiriwa "kusamehe". Ukiibeba dhambi yako mwenyewe umekwisha, akiibeba Mungu umesamehewa. Hata Kaini aliposema adhabu yake haichukuliki (Mwanzo 4:13) ni hilohilo.

dada_wa_kwaya: Ezekieli 18 ni ishu ya hukumu, watu walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu kali ila meno ya watoto ndo yanatiwa ganzi, akawaambia acheni kisingizio. Hapo hakuna habari ya mtu kubebewa mzigo wake. Na Ezekieli huyohuyo sura ya 4 analala ubavu wa kushoto siku 390, wa kulia siku 40, anauchukua uovu wa Israeli na Yuda, ila ile ilikuwa ishara tu, haikuondoa kitu.

Msomaji_wa_usiku: Siku 390 ubavu mmoja 😳 mi nusu usiku tu mkono ushakufa ganzi. Haya, na mbuzi je, kakosa nini?

Baba_Neema: Hajakosa kitu, ndo penyewe hapo. Walikuwa wawili, mmoja anachinjwa damu inaingizwa ndani ya pazia la hema takatifu, wa pili kuhani Haruni anamwekea mikono yote miwili kichwani anaungama maovu ya watu, kisha anapelekwa jangwani akiwa hai. Mzigo umetoka kambini. Mi hata Yohana 1:29, Yesu "aichukuaye dhambi ya ulimwengu", naisoma hivyo, kubeba na kuondoka nayo.

dada_wa_kwaya: Na msiruke mstari wa 26 wa hiyo Walawi 16, yule aliyempeleka mbuzi harudi kambini mpaka afue nguo na aoge.