Nafundishwa kazi na jamaa anayeachishwa hiyo hiyo kazi, nifanyeje?

MtotoWaUjiji: Wakuu habari za usiku, nipo Kigoma, nimepata kazi ya kurekebisha programu za kampuni moja ya Marekani kupitia wakala, sasa anaenifundisha kwa video kila jioni ndo huyo huyo anaeachishwa mwisho wa mwezi, jana kanionesha mafaili yake ya miaka tisa, akanyamaza, akasema haya endelea wewe. Nimeshindwa kula. Hivi wenzetu huko kazi zao zikihamishwa wanafanyaga nini?

FundiIsevya: Pole mdogo wangu. Wanapambana. 2015 Disney kule Orlando waliachisha watu wa IT kama 250, wengine wakaambiwa wawafundishe kwanza wahindi wanaochukua nafasi zao, wawili wakaenda mahakamani 2016, kesi ikatupwa. Inauma sana. Ila alieamua ni bosi, sio wewe.

DadaGungu: Kaka usiache kazi ila usikae kimya. Nairobi tarehe 1 Mei 2023 watu zaidi ya 150 waliokuwa wanachuja picha na maandishi ya Facebook, TikTok na ChatGPT kupitia makampuni ya kati walipiga kura waunde chama chao. Maana kazi iliyokuja kwetu kwa sababu ya bei chee, kesho inapata bei chee zaidi kwingine na wewe ndo utaambiwa ufundishe. Mkataba wako notisi siku ngapi?

MtotoWaUjiji: Saba tu dada. Kesho naanza kuwatafuta wenzangu tuliosaini pamoja, tupo wanne.