Naomba ushauri: namlea mhudumu mpya wa watoto, ila kila shauri naishia kulibeba mimi

Habari za majukumu wakuu.

Mimi ni mhudumu wa kujitolea kwenye masuala ya watoto hapa katani kwetu, huu mwaka wa saba. Taarifa ikija ya mtoto anayepigwa au aliyetelekezwa, tunafika kwenye kaya, tunaandika, tunampelekea afisa ustawi wa jamii, kisha tunafuatilia mpaka mtoto atulie. Mwezi wa pili afisa wetu alinikabidhi wahudumu wapya watatu niwalee. Wawili wanakwenda vizuri. Wa tatu ni binti wa miaka 24, ana moyo wa kazi kuliko sisi wote, na ndiye anayeninyima usingizi.

Tulikwenda naye kwenye kaya moja. Kuna mtoto wa kike wa miaka 11, kaletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, kumbe anachota maji na kulea kichanga. Kufika tu, mwenzangu akafungua daftari akaanza kumuuliza pale pale sebuleni, mama mwenye nyumba kakaa pembeni: "Wanakupiga? Wanakupiga na nini?" Mtoto akainama, akaanza kuchomoa ukindu wa mkeka, uzi mmoja mmoja. Hakujibu neno. Nikalichukua lile daftari mikononi mwa mwenzangu, nikageuza maneno, nikaulizia kichanga kina miezi mingapi. Baadaye nikamwomba mtoto anisindikize bombani, na huko ndiko alikosema.

Mtoto sasa yuko kwa shangazi yake na anasoma. Lakini tangu siku ile mwenzangu hafungui daftari nikiwepo. Ananipigia kwa kila kitu, hata kuuliza aende saa ngapi. Nami naona afadhali niende mwenyewe, yaishe. Juzi nikapitia fomu zake tano, nne zina mwandiko wangu.

Nikimwacha akosee, anayeumia ni mtoto. Nisipomwacha, siku nikihama kata inabaki na nani? Mliowahi kulea wahudumu wenzenu mlifanyaje?

Ustawi Mstaafu:
Pole kwa kazi. Tenganisha mashauri yanayokimbizana na saa na yale yasiyokimbizana nayo. Mtoto aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, kwa hiyo hapo hakuna kufundishana. Ongoza wewe: hospitali, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Kama karibu kuna kituo cha mkono kwa mkono nenda huko, huduma zote ziko pamoja. Ila utoro, baba asiyetoa matunzo, mtoto asiye na sare, hayo mwachie. Akizungushwa siku mbili ofisini kwa mtendaji atajifunza njia. Ulimwanzishia na shauri zito mno.

Mama Wawili:
Naomba nimsemee huyo binti, kwani nami nilipokonywa simu mbele ya mwenyekiti wa mtaa na dada aliyekuwa ananielekeza. Nilikaa miezi nikiamini mimi ni mjinga, na yeye hakujua. Wewe ulimweleza kwa nini ulichukua daftari?

Mwanzisha uzi:
Sikumweleza. Nilidhani ameona mwenyewe.

Mama Wawili:
Hajaona, dada. Alichoona ni daftari kuondoka mikononi mwake. Kamwombe radhi kwa namna ulivyolichukua. Kumlinda mtoto ulikuwa sahihi, hilo usiliombee radhi.

Mti Mkavu:
Mimi sikubaliani na huruma hizi. Kumhoji mtoto mbele ya anayetuhumiwa ni hatari, usiku ule angeweza kupigwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Basi huyo naye atoe taarifa kama wengine, au apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto ambayo ni bure, ila asiingie kwenye kaya mpaka ajue kuongea na mtoto. Watoto si wa kujifunzia.

Pwani Kwetu:
Salamu kutoka Kwale, Kenya. Bw. Mti Mkavu ana hoja, lakini kuongea na mtoto hakufundishiki ofisini. Sisi tunaojitolea kulinda watoto huku tunapatana kabla ya kubisha hodi: nani ataongea, nani atakaa na wenye nyumba. Nikiona mambo yanakwenda kombo naomba maji ya kunywa, mwenzangu anajua anyamaze. Tukitoka, anaanza yeye kusimulia alichoona, mimi nasikiliza kwanza.

Niko Minnesota:
Nami najitolea huku Marekani kwenye mpango wa CASA, ambapo jaji humteua raia wa kawaida amsemee mtoto mahakamani. Ulianzia Seattle mwaka 1977, chini ya jaji David Soukup. Mhudumu mkongwe anayenielekeza haniandikii ripoti hata mstari. Ananiuliza tu: mtoto ulimwona lini mara ya mwisho? Nani hujaongea naye? Hili umelijuaje? Swali hilo la tatu limenirudisha barabarani mara nyingi. Jaribu kujibu simu zake kwa maswali.

Mwanzisha uzi:
Nawashukuru sana, hasa Mama Wawili. Jana nilimfuata kwao. Nilipomweleza habari ya daftari alinyamaza, kisha akasema yeye alidhani mtoto hakujibu kwa sababu ya sauti yake, na kwamba amekuwa akijizoeza kuongea taratibu na mdogo wake nyumbani. Miezi mitatu alikuwa anarekebisha kitu ambacho si tatizo, na mimi nipo.

Alhamisi tuna kaya ya bibi anayelea wajukuu watatu, mmoja kaacha shule. Tumekubaliana daftari ni lake, na mtoto ataongea naye nje. Mimi nitakaa jikoni na bibi kuchambua mboga, na nikiomba maji anajua maana yake.