Kayaki ya kuvulia mshipi: ya sentimita 86, ya 76 au ya kujaza upepo?

kijana_langoni
Assalam aleikum wana bahari. Nina kilo 96, goti moja bovu, na mke aliyenipiga marufuku mtumbwi wa ami baada ya kupinduka nao mara mbili ndani ya mwezi, mara ya pili na simu mfukoni. Natafuta kayaki ya mshipi wa jioni huku Lamu, kati ya Shela na Manda, na siku maji yakiwa mazuri niingie mlango wa bahari wa Mkanda kando ya mikoko kutafuta tewa na changu.

Zilizopo ni tatu. Moja ni ya kukalia juu, upana sentimita 86, urefu mita 3.2, kiti kimeinuka kama cha ofisini. Nyingine pia ya kukalia juu, upana 76, urefu mita 3.9, kiti kiko chini, usukani wake unaendeshwa kwa miguu. Ya mwisho ni ya kujaza upepo, naweza kuibeba peke yangu hadi ghorofani. Muuzaji wa ile pana anaapa mtu anaweza kusimama juu yake akacheza chakacha. Mnasemaje?

samaki_wa_shela
Chukua pana, kaka. Ninayo ya 84, mwaka wa tatu huu, sijawahi kulowa shati. Nageuka, nafungua sanduku la barafu nyuma, nafunga ndoana, haitikisiki.

kusi_malindi
Samaki, wewe unavua nyuma ya kisiwa, maji yamelala. Niliileta kama hiyo huku Malindi nikajuta. Ukirudi pwani mawimbi yanavunjika mgongoni, chombo kifupi kipana hugeuka ubavu kabla hujachovya kafi, na hapo hakuna chakacha. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kusi ukishika, sitoki kabisa. Halafu upana ni kazi: ukipiga kafi dhidi ya mkondo unaona mnazi uleule nusu saa.

Nyongeza kwa wanaopanga kuja huku: eneo la hifadhi ya bahari haliguswi kwa ndoana, ni hifadhi tangu 1968. Uliza mipaka kabla hujatia chambo.

fundi_matondoni
Mwanangu wa Langoni, nimechonga vyombo tangu sina ndevu, nami nakwambia "haipinduki" ni maneno mawili yanayouzwa kama moja. Kuna utulivu wa kuingia: unatia mguu, chombo kinakaa kimya, unafurahi, unatoa pesa. Huo hutokana na tako bapa, yaani chombo kuwa bapa chini. Na kuna utulivu wa kulala: chombo kimeinama, je, kinasimama mahali kikakungoja, au kinamaliza safari? Tako bapa hushikana na uso wa maji. Maji yakiwa sawa, nacho ni sawa. Wimbi likija ubavuni likainama, nacho kinainama nalo, na mwenye kilo 96 juu yake pia. Tako la mviringo kidogo hukutisha asubuhi kwa kutikisika, lakini wimbi hupita chini yake.

Sasa fikiria Mkanda. Boti za mwendo wa kasi za kwenda Pate zinapita palepale, na mawimbi yake yanakujia ubavuni, si mbele.

Tena tazama kiti. Kila kinapopanda, uzito wako unapanda nacho. Upana 86 na kiti cha juu, na upana 76 na kiti cha chini, huenda tofauti isiwe kubwa hivyo. Sisi jahazi tupu hulitia farumi, uzito wa kulituliza, chini. Hatuiweki farumi juu ya mlingoti.

samaki_wa_shela
Mzee umenifunga mdomo. Lakini kijana si anaweza kuifunga mirengu kama ngalawa?

fundi_matondoni
Anaweza. Kisha kila samaki atakayemkamata atazungusha mshipi kwenye mrengu, na kwenye mikoko atakwama kama kaa mtegoni.

bint_faza
Nimeshangaa wanaume watano hamjataja kupanda tena. (Mko watatu, lakini mnaongea kama watano.) Chombo chochote hupinduka siku moja. Swali ni je, kaka mwenye goti bovu ataweza kurudi juu kwenye maji marefu? Nenda na muuzaji mahali maji yanafika kifuani, vaa jaketi, kipindue makusudi. Pita upande wa tako, nyoosha mkono ushike ukingo wa mbali, uvute kigeuke. Kisha lala kifudifudi juu yake huku ukipiga miguu kama chura, na kalio lifuate mwisho. Ukishindwa mara tatu, usinunue, hata kama ni cha bure.

La pili ni nanga. Usiifunge ubavuni ng'o! Mkondo ukivuta kamba, ukingo unazama, na upana haukuokoi. Ifunge omo (mbele) au tezi (nyuma), na fundo liwe la kufunguka kwa mkono mmoja. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka ndipo mkondo una nguvu zaidi. Mimi hungoja maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo.

Ya kujaza upepo sahau. Si kwamba haina utulivu, ina utulivu sana. Lakini mizizi ya mikoko ina chaza, na chaza ni wembe. Ukiiacha juani imejazwa pomoni, hewa inatanuka, mishono inalia.

kusi_malindi
Na upepo huisukuma kama puto. Dada kamaliza.

kijana_langoni
Narudi na majibu. Jana maji yakijaa nilizijaribu zote mbili karibu na Shela, watoto wa madrasa wakinishangilia. Pana: kusimama nilisimama, chakacha sikucheza. Nilipoipindua, kuigeuza ilikuwa vita, mkono haufiki ukingo wa mbali, na kile kiti kilikuwa kinakwamia majini. Nilifaulu mara ya nne, nikiwa nimekunywa maji ya kutosha chungu cha wali. Ya 76 ilinitikisa dakika kumi za mwanzo nikataka kughairi, kisha mwili ukazoea. Kupanda, mara ya kwanza tu. Boti moja ikapita kwa kasi, nikajiachia ubavu makusudi. Iliinama, ikarudi.

Nimelipia ya 76. Tatizo jipya: ina kilo 31, na maji yakitoka natakiwa kuikokota kwenye tope. Kuna aliyetengeneza kigari cha magurudumu mapana? Na mke anauliza itakaa wapi, maana uani jua linapiga mchana kutwa.

fundi_matondoni
Plastiki na jua si ndugu. Ifunike makuti, tako juu. Kigari njoo Matondoni tuzungumze, ulete na tewa wa kwanza.