Bali kwa siku moja na gari la kukodi: Tampaksiring, Jatiluwih au Lempuyang?

BintiKisauni (Mombasa)

Salaam wapendwa. Mimi na mamangu tutakuwa Bali mwezi wa Mei, tutafikia Ubud. Siku moja tunataka kukodi gari na dereva, sisi wawili peke yetu, tutoke asubuhi turudi magharibi, tuone mahekalu na yale majaruba ya mpunga yaliyopangwa ngazi ngazi. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Vidaraja kumi na tano vya ngazi atavipanda, mlima hawezi. Na sala haimpiti.

Madereva watatu wameniletea mipango mitatu, bei karibu sawa:

A. Majaruba ya Tegallalang, mahekalu ya Tirta Empul na Gunung Kawi kule Tampaksiring, kisha hekalu la pango la Goa Gajah wakati wa kurudi.

B. Mahekalu ya Taman Ayun na Ulun Danu Beratan kule Bedugul, majaruba ya Jatiluwih, halafu Tanah Lot jua likizama.

C. Hekalu la Lempuyang kwenye lile lango la picha, hekalu la Besakih, na bonde la Sidemen.

Sitaficha, moyo wangu uko kwa C kwa sababu ya ile picha. Mama amesema neno moja tu: "Nataka kuona mpunga." Amekulia Vanga, nyanya alikuwa akilima mpunga huko, na mama ndiye aliyetumwa kuamia ndege akiwa mdogo. Mliokwenda, nishaurini.

Kipepeo_Dar

Dada, nianze na C maana nimeifanya mwenyewe. Ile picha unayoiona, mtu amesimama langoni na chini yake kuna ziwa linang'aa kama kioo: pale hapana ziwa wala dimbwi. Ni sakafu ya mawe. Mpiga picha hushika kipande cha kioo chini ya kamera ya simu yako, na hicho kioo ndicho kinacholeta hayo "maji". Unachukua namba, unakaa unasubiri kuitwa. Mimi nilitoka Ubud saa tisa usiku, namba yangu ikaitwa saa nne asubuhi, na wakati huo mlima Agung ulishafunikwa na mawingu. Nilisimama langoni dakika mbili.

Lempuyang yenyewe ni patakatifu pa miaka mingi, na mahekalu yake yanapanda mlimani kwa ngazi zaidi ya 1,000. Hayo ya juu karibu hakuna mgeni anayeyafikia, wote wanaishia langoni. Kwa magoti ya mama, na zaidi ya saa mbili za gari kwenda na nyingine kurudi, mimi nasema hapana. Besakih nayo ni kupanda. Sidemen ni pazuri kweli, ila kwa mpango huo mtafika mmechoka na mpunga mtauona dirishani.

Mswahili_Muscat

Wa aleikum salaam binti. Mimi nilikwenda na familia, tukafanya A. Uzuri wake ni ukaribu. Tegallalang haifiki nusu saa kutoka Ubud, Tirta Empul iko mbele kidogo, Gunung Kawi jirani yake. Siku nzima hamkai garini sana.

Tirta Empul ilitugusa. Ni chemchemi, na hekalu lake ni la mwaka 962. Kuna bwawa lenye maji safi kabisa, ukiangalia chini unaona mchanga mweusi unachemka polepole pale maji yanapobubujika kutoka ardhini. Watu wa pale huingia katika madimbwi ya pembeni, wanainamisha kichwa chini ya kila mlizamu kwa zamu, na ipo mifereji wanayoiruka kwa sababu ni ya ibada za wafu. Sisi hatukuingia. Ile ni ibada yao, tukakaa pembeni kwa adabu tukatazama. Niliona watalii wakiingia wakicheka na kupigana picha huku mama mmoja wa Kibali anasali na kulia. Haikunipendeza.

Sasa la magoti. Gunung Kawi ni hekalu la maajabu, vile vihekalu kumi vya kuwakumbuka wafalme vimechongwa kwenye mwamba tangu karne ya 11, kila kimoja kama mita 7 kwenda juu. Lakini liko chini bondeni, na ngazi zinakaribia 300. Kushuka ni rahisi, kupanda jua la saa saba ndiko kulikomkalisha mke wangu mara nne, naye hana ugonjwa wowote. Tegallalang pia ni korongo lenye mteremko mkali. Kutoka barabarani mtaona vizuri, mkitaka kutembea ndani ni kupanda na kushuka, na njiani kuna vizuizi vya wenye mashamba wanaoomba mchango. Hawana kosa, shamba ni lao. Ila palijaa bembea za kupigia picha na muziki wa mikahawa.

MtuWaMifongo (Moshi)

Nitaandika kirefu kidogo, mniwie radhi, hili liko moyoni mwangu. Nimekulia kwenye mfongo. Kwetu Uchaggani mfereji wa maji unatoka msituni juu, unapita mashambani kwa watu, kuna mzee wa kupanga zamu, na asiyetokea siku ya kuzibua analipa faini. Kwa hiyo nilipofika Jatiluwih nilijua ninachokiona.

Kule wakulima wanaopata maji kutoka banio moja huwa chama kimoja, kinaitwa subak. Mfumo huu upo tangu karne ya 9. Mkuu wao anaitwa pekaseh, na kila subak ina hekalu lake. Hekalu si la kuombea tu. Hapo ndipo tarehe za kufungua maji na kupanda zinapokubaliwa, kuanzia mashamba ya juu hadi ya chini. Kwenye miaka ya 1970 serikali ilihimiza mbegu za muda mfupi na kila mtu apande anapoweza, mfululizo, bila kungojea kalenda ya mahekalu. Maji yakagombewa na wadudu wanaofyonza mpunga wakazaliana, kwa sababu kila wakati kulikuwa na shamba bichi la kuhamia. Watu wakipanda pamoja na kuvuna pamoja, bonde zima linapumzika kwa wakati mmoja na mdudu anakosa chakula. Wazee walilijua hilo bila kuandika karatasi.

Ndiyo maana nakusihi, dada, usiyatenganishe mahekalu na mpunga kana kwamba ni vivutio viwili. Chagua njia ambayo maji yenyewe yanapita. B ndiyo hiyo. Ulun Danu Beratan, iliyojengwa 1633, ni hekalu la Dewi Danu, mungu wao wa maji ya ziwa. Jatiluwih iko kwenye miteremko ya mlima Batukaru, kama mita 700 juu ya bahari. Taman Ayun lilikuwa hekalu la wafalme wa Mengwi, limezungukwa na handaki la maji. UNESCO ilipoandikisha subak za Bali kuwa urithi wa dunia mwaka 2012, Jatiluwih na Taman Ayun zilikuwemo. Kusema haki, Tirta Empul iko kwenye bonde la Pakerisan, nalo limo pia, kwa hiyo A siyo mbaya. Tegallalang haimo, ingawa mabango mengi yatakuambia vingine.

Kwa mama: Jatiluwih ni pana, majaruba yanakwenda hadi macho yanachoka, na kuna njia ya saruji katikati ya mashamba anayoweza kuitembea taratibu. Ulun Danu ni bustani tambarare.

Sharti langu moja: ondoa Tanah Lot.

Mswahili_Muscat

Hapo kaka sikubaliani nawe. Tanah Lot ni hekalu juu ya jabali baharini, maji yakijaa linakuwa kisiwa. Mtu wa pwani ataliona kwa jicho jingine kabisa. Kwa nini alikose?

MtuWaMifongo (Moshi)

Kwa sababu ya saa, ndugu yangu, si kwa sababu ya uzuri. Jua Bali linazama kama saa kumi na mbili, kama kwetu tu. Ili kuliwahi, itabidi waondoke Jatiluwih mapema, waingie kwenye msongamano na mabasi yote ya kisiwa, halafu warudi Ubud gizani kwenye foleni nyingine. Na asiye Mhindu haingii hekaluni, anatazama kutoka ng'ambo. Bahari mama anayo Mombasa.

Kipepeo_Dar

Naunga mkono. Mahekalu mawili na mpunga, basi.

Na muhimu kabla hujamlipa mtu yeyote: muulize dereva waziwazi kama atawapitisha kwenye "shamba la kahawa". Sisi safari ya kwanza tulipelekwa bila kuulizwa kuonja ile kahawa ya ngawa, mnyama anakula buni kisha zinaokotwa kwenye kinyesi chake. Saa moja na nusu ilipotea, bei ya kikombe ilikuwa ya juu sana, na ngawa wenyewe walikuwa wamefungiwa kwenye vizimba vidogo, mmoja anazunguka pale pale bila kusimama. Dereva hupata kamisheni. Mwandikie mapema: hatutaki maduka, tutakulipa vizuri.

Bei: sisi tulilipa rupia 700,000 kwa saa kumi, mafuta na maegesho ndani yake. Tiketi za kila mahali ni juu yako, chakula cha dereva ukipenda. Tofauti na hayo, kuna ushuru wa mgeni wa rupia 150,000 kwa kila mtu, ulianza Februari 2024, unaulipa mara moja tu kwa intaneti kabla ya kusafiri.

Mkulima_Mwea

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: mpunga utakuwa katika hali gani? Ukienda shamba likiwa limevunwa utaona mabua na matope, na picha zote ulizoziona hazitakusaidia. Mwezi wa Mei, Jatiluwih, uko vizuri. Ule mpunga wao wa asili, mrefu, wa mchele mwekundu, hupandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa katikati ya mwaka. Mama atakuta masuke. Kwa aliyeamia ndege hiyo ndiyo picha yake.

BintiKisauni

Nimesoma yote mara mbili. Nimeiacha Lempuyang, na imeniuma kidogo. B bila Tanah Lot. Sasa niulize: sala na chakula vipi? Na tuanzie wapi?

Mswahili_Muscat

Hili naliweza. Bedugul, kijiji cha Candikuning, kuna Waislamu wa miaka mingi na msikiti mkubwa, Al-Hidayah, juu ya kilima ng'ambo ya barabara, unatazama ziwa. Kuna ngazi, apande polepole. Adhuhuri ni kama saa sita na robo, anaweza kujumuisha na alasiri kwa vile ni msafiri. Migahawa ya Waislamu ipo hapo hapo chini. Kwingineko tafuteni kibao cha "halal" au "warung Muslim", maana nguruwe Bali ni chakula cha kila siku.

MtuWaMifongo (Moshi)

Basi geuza mpangilio. Madereva wengi huanza Bedugul kwa sababu mchana ukungu hushuka ziwani. Wewe anza Jatiluwih, tokeni saa moja kamili. Asubuhi ndipo wakulima wako shambani, na kuna baridi nzuri. Kisha Bedugul kwa sala na ziwa, mwisho Taman Ayun mkishuka. Ukungu ukiwapata, potelea mbali. Sweta msisahau, Bedugul ni kama mita 1,200.

Kipepeo_Dar

Mahekalu mengi wanataka kiuno na miguu ifunikwe, na mshipi wa kitambaa juu yake. Wanaazima saruni mlangoni, lakini mama avae leso yake, inatosha. Mabango huomba pia mwanamke aliye katika siku zake asiingie. Na angalieni mnapokanyaga: vile visahani vya majani vyenye maua na ubani viko chini kila mahali, ni sadaka zao za asubuhi.

BintiKisauni

Tumerudi, nawaletea majibu kama nilivyoahidi.

Jatiluwih tulifika saa mbili na nusu. Gari lilipokata kona ya mwisho mama alinishika mkono, hakusema kitu. Tulishuka tukatembea ile njia ya saruji, mwendo wake. Kila jaruba lilikuwa na sauti yake ya maji, jembamba likimwagia jingine kupitia kipande cha mwanzi. Palikuwa na mama mmoja mkulima anapalilia ukingoni. Mama alimwashiria kama anaruhusiwa, yule akaitikia kwa kichwa. Mama akainama, na yale magoti yake, akashika suke moja, akatoa punje akaibinya kwa ukucha. Maziwa meupe yakatoka. Akasema, "Bado huu. Ndege ndio sasa wanaanza."

Dereva akatafsiri. Yule mama wa Kibali akacheka, akaenda kwenye kamba iliyofungwa kwenye kijiti, akaivuta, na makopo yakagonga shamba zima, ndege wakaruka. Mama akaomba naye avute. Akavuta mara tatu. Walikaa ukingoni wale wawili karibu nusu saa, kila mmoja anaonyesha kwa mikono, na dereva hakuhitajika tena. Ingekuwa tuna Tanah Lot mbele yetu, ningekuwa nimeshamharakisha.

Bedugul ukungu ulitupata kweli. Yale mapaa kumi na moja ya hekalu yakawa yanapotea na kurudi juu ya maji. Msikiti tuliufikia, mama alipumzika mara mbili kwenye ngazi. Taman Ayun tulikaa dakika arobaini tu, alikuwa amechoka, ila kuna kivuli na ukimya na sikujutia. Hekalu la ndani unaliona kwa juu ya ukuta, hakuna kuingia. Saa kumi na moja tulikuwa Ubud. Dereva tulimpa 750,000 na hakutupeleka duka lolote.

Tulinunua kilo moja ya mchele mwekundu pale pale Jatiluwih. Mama ameupika kwa tui, unachukua muda mrefu na unataka kulowekwa, lakini una harufu anayosema ni ya nyumbani kwa nyanya. Imebaki nusu ya nusu. Mzee wa Mwea, kwenu yupo anayelima mwekundu? Ananiuliza kila siku.